Miguu ya Jilo

Basi lilikaribia Garsen, na mwanamke wa Ngao nyuma yangu alikuwa bado anamkaripia Bwana Shee wa Kipini, aliyemfundisha Jilo, mtoto wa mwanamke huyo, kupanda mawimbi kwa ubao.

“Umemzoeza kupiga miguu majini! Kwetu mtoni, anayepiga miguu anaita mamba.”

“Na baharini, bibi, asiyepiga miguu hupinduliwa na wimbi. Ningemlaza ubaoni kama gunia la mpunga?”

“Kesho anaoga Tana, bwana!”

“Basi mwambie aache.”

“Ana miaka sita! Wewe ulimwambia mara moja akashika?”

Shee alikiri kwamba ilimchukua likizo nzima.

Wote wawili walisema kweli, jambo lisilomsaidia mtoto. Basi likasimama kwenye kivuko cha mto Tana, tukaamriwa kushuka. Jilo alikwisha kutangulia mbio kwenye maji.