Kisanduku cha Dada Rula

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu mpya. Wakuu wa idara. Wenzetu wa zamu zote: salamu zikufikie kutoka kila kona ya kiwanda hiki cha sabuni.

KARIBU

Karibu sana, na utuwie radhi kwa harufu ya magadi. Sisi hatuisikii tena.

TULIKOTOKA

Zamani kanuni za kazi zilikaa vichwani, na kila kichwa kilikuwa na zake. Ndipo Dada Rula wa chumba cha kukaushia alipoombwa aichore kazi yote ukutani: kisanduku kwa kila hatua, mshale kwa kila njia, na penye swali, njia mbili, ya ndiyo na ya hapana. Alimpitia kila mmoja wetu. Mpishi wa sabuni alihojiwa mpaka akasema, "Dada, hata mke wangu haniulizi hivi."

MAFANIKIO

Mchoro ulinyooka. Wataalamu wakaugeuza kuwa programu ya kompyuta, na ugomvi wa zamu umekwisha. Hapa hatuna la kuongeza.

CHANGAMOTO

Kinyozi hajinyoi. Dada Rula alituchora wote, akajisahau mwenyewe. Kwenye mchoro, mshale unatoka kukata unakwenda moja kwa moja kufungasha. Hakuna anayebonyeza kipande kwa kidole gumba kuona kama kimekauka, wala njia ya kukirudisha rafuni. Programu inafuata mchoro: sabuni mbichi zinafungwa, zinagandana, maduka yanazirudisha. Naye Dada Rula ameambiwa nafasi yake haimo kwenye mfumo, hivyo mwisho wa mwezi aage.

Tulimsihi ajitetee. Akajibu, "Mchoro ni wangu. Nimlaumu nani?" Jibu hilo limetuuma kuliko tunavyoweza kusema mbele ya wakubwa.

OMBI

Safari hii hatuombi sare wala nyongeza. Tunaomba kisanduku kimoja, swali moja na mshale mmoja wa kurudi nyuma, na yeye abaki kazini akisimamie.

Mgeni rasmi, anayekusomea risala hii ndiye Dada Rula. Tulimkabidhi ikiwa kwenye bahasha iliyofungwa, asijue kilichomo. Na kwa kuwa tunamjua, nakala nyingine anayo mpishi, aliyesimama nyuma yake akifuatilia.

Dada, usiruke. Lisome ombi tena, polepole, na mara hii useme "mimi".

Mungu akujalie, mgeni wetu, afya njema na kalamu nyepesi.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Kiwanda cha Sabuni, kuanzia jikoni hadi ghalani.