Wembe wa Tata Kisimba na Mtu wa Benchi la Tatu

Ndugu, majirani, na ninyi nyote mliokataa tulie peke yetu, leo tunapomaliza matanga familia inaomba msikilize maisha ya mzee wetu, Tata Kabongo Ezéchiel, na mtu asitoke kabla hatujamaliza, hasa aliyekaa benchi la tatu.

Tata Kabongo alizaliwa Sandoa tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa kwanza wa Tata Kisimba, kinyozi, na Mama Brigitte, akasoma shule ya msingi hapohapo hadi 1966, kisha akamfuata baba yake Dilolo, akajifunza kunyoa abiria wa reli kwa wembe wa baba yake, wa kukunja, wenye mpini wa pembe na alama ya samaki wawili. Mwaka 1975 alihamia Kolwezi, akafungua kibanda cha kunyoa karibu na soko, na tarehe 7 Julai 1979 akamwoa Mama Agnès, wakajaliwa Laurentine, Gael na Marlène.

Tata Kisimba alifariki tarehe 2 Septemba 1991, na kwa desturi ya ukoo wetu mtoto wa kwanza huwanyoa wafiwa kwa wembe ule siku ya kumaliza matanga, lakini mfuko wake wa ngozi ulipofunguliwa, wembe haukuwemo. Stany, mtoto wa baba mdogo wa Kabongo, alisimama mbele ya ukoo mzima akasema Kabongo ameuuza kule mjini Kisenge apate pesa ya kunywa, nasi, kwa aibu yetu, tukasema lisemwalo lipo. Tangu siku hiyo alinyimwa kiti katika vikao vya ukoo, akawa mtu wa kusalimiwa kwa ncha za vidole, na ilimuuma, wala hakusamehe, na asije mtu hapa kutuambia kwamba alisamehe.

Mwezi wa Mei 2019 Mama Mwanvua, muuza vyombo vya zamani, alimletea wembe ulioliwa na kutu, akitaka kujua kama ni kitu cha maana. Tata aliutambua kwa msumari wa mpini, ambao haukuwa wa kiwandani, ulikuwa kipande cha waya wa shaba alichogonga baba yake, lakini alimwita kwanza mchungaji, akamwambia chini ya mpini kuna mikwaruzo mitatu ya baba yake, ndipo akauchomoa msumari, na mikwaruzo mitatu ikaonekana pale mpini ulipokuwa umefunika. Mama Mwanvua, ambaye yuko hapa, alisema aliununua kwa Stany, ndani ya sanduku la vyombo vibovu alilouza akihama nyumba, bila hata kukumbuka alichoficha humo.

Kwa miezi minne Tata aliusugua kwa mafuta na majivu laini, polepole, maana kutu ikiharakishwa huondoka na chuma, alama ya samaki wawili ikatokea tena, akachonga mpini mpya wa pembe ya ng'ombe, akaukaza kwa msumari uleule, akaunoa kwenye jiwe, akamalizia kwenye mkanda wa ngozi mpaka ukakata unywele mmoja. Mchungaji alimsihi amwite Stany wapatane, naye akamjibu kwamba aliyetukanwa mbele ya ukoo husafishwa mbele ya ukoo, akaongeza: "Mi siko na haraka. Stany atakuja ku kilio yangu, anapenda sana kula ku bilio. Siku ile mutamunyoa ye wa kwanza, na huu wembe."

Tarehe 11 Novemba 2024 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukapooza, akamfundisha Laurentine kunoa akiwa kitandani, na tarehe 3 Februari 2025, saa nne asubuhi, akafariki hapa Kolwezi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji, vinyozi wenzake waliofunga vibanda, na Stany, pale benchi la tatu, ambaye amekula vizuri tangu Jumanne. Kiti kiko pale katikati, maji yameshapata moto, na Laurentine, mtoto wa kwanza, ameufungua wembe.

Pumzika kwa amani, Tata Kabongo, mtu wako tunaye.