Klabu Isiyo na Mwanachama

[Giza. Kitu kinadondoka: to... to... to... Kisha simu inaita.]

MAMA SISIMIZI: Haloo? Nani mwenzangu? Umeme umekatika, nimepokea kwa kupapasa.

FUNDI: Ni mimi, Mwenyekiti.

MAMA SISIMIZI: Mwenyekiti yupi? Tunao watatu.

FUNDI: Shemeji yako, fundi baiskeli! Hamjambo huko?

MAMA SISIMIZI: Hatujambo, shemeji. Mbona unahema?

FUNDI: Bibi shamba amepita hapa kibandani sasa hivi. Kesho asubuhi anakuja kuikagua klabu yetu ya kilimo.

MAMA SISIMIZI: Kesho! Si alisema—

FUNDI: Alisema, na sasa amesema tena. Anataka kuona vitu viwili tu: mche ulio hai na mwanachama wa kawaida. Asipoviona, kile kipande cha shamba alichotuahidi kando ya bwawa anawapa wafyatua matofali.

MAMA SISIMIZI: Wa kawaida ndiye nani?

FUNDI: Asiye na cheo.

MAMA SISIMIZI: Shemeji, vijana wetu wote wana vyeo.

FUNDI: Hata kinyozi?

MAMA SISIMIZI: Msemaji Mkuu.

FUNDI: Na mdogo wake, yule aliyekuja siku moja akalala?

MAMA SISIMIZI: Makamu wa Msemaji. Alichaguliwa akiwa anakoroma, na wewe ndiye uliyempigia debe.

FUNDI: Basi mmoja ajiuzulu!

MAMA SISIMIZI: Kamwombe wewe. Muuza mitumba nilimgusia tu, akanuna, akasema kama ni kudharauliwa angebaki kwao.

FUNDI: Jiuzulu wewe, shemeji. Ukatibu una nini?

MAMA SISIMIZI: Weee! Klabu hii nimeizungukia mimi, nikitoka darasa la jioni na mtoto mgongoni, mlango kwa mlango, nikiomba vijana wakubali kulima. Nataka mwanangu akue akijua mama yake ana shamba, hata kama ni la hatua mbili. Jiuzulu wewe.

FUNDI: Mimi? Nimeshashonesha koti la uenyekiti! [mkwaruzo] ...sikii... Haya, tuliache hilo. Miche je?

MAMA SISIMIZI: Iulize Kamati ya Maji.

FUNDI: Nimeiuliza. Bado inakaa. Nusu wanataka kumwagilia kwa ndoo, nusu kwa kopo.

MAMA SISIMIZI: Mpaka leo?

FUNDI: Leo wamefika kwenye mshikio wa ndoo. Lakini kwani hujachungulia? Miche iko nyuma ya jiko lako!

MAMA SISIMIZI: Kamati ya Kivuli si imeifunika kwa magunia, ikasema atakayefunua atatueleza? Na siku ile nilishika jagi tu, shemeji, jagi tupu, kinyozi akanisema mbele za watu eti naingilia kazi isiyonihusu. Tena... kusema kweli, naogopa kuiona. Nyanya, jua hili, wiki nzima bila tone—

FUNDI: Hiyo nini?

MAMA SISIMIZI: Nini?

FUNDI: To, to, to. Tangu umepokea simu.

MAMA SISIMIZI: Aa, bomba linavuja.

FUNDI: Bomba lipi? Mtaa mzima leo hauna maji.

MAMA SISIMIZI: [anasikiliza] Kweli. Inatokea nyuma ya jiko.

FUNDI: Mwizi!

MAMA SISIMIZI: Wa kuiba nini, magunia?

FUNDI: Mmulike tochi!

MAMA SISIMIZI: Tochi iko kwenye simu, na simu iko sikioni.

FUNDI: Basi itoe sikioni! Upesi, salio linakwisha.

[Mlango unalia. Kandambili zinaburuzwa kwenda nje.]

FUNDI: Shemeji? Shemejii? Sema tu imekufa. Nimeshaketi.

MAMA SISIMIZI: [kwa mbali] Imesimama.

FUNDI: Nani amesimama?

MAMA SISIMIZI: Miche! Yote! Ina majani mabichi, shemeji, mingine imepita kiganja changu. Magunia yamekunjwa vizuri kabisa pembeni. Na huyu hapa, na kikombe chake cha plastiki kilichotoboka, kinadondosha—

FUNDI: Nani? Kamati?

MAMA SISIMIZI: Sisimizi.

FUNDI: Mtoto? Kwa idhini ya nani?

MAMA SISIMIZI: Ya nani tena, na sisi wote tuko vikaoni!

FUNDI: Ngoja. Ngoja kwanza. Ana cheo gani?

MAMA SISIMIZI: Cheo? Ana miaka mitano!

FUNDI: Hata ujumbe wa kamati hana?

MAMA SISIMIZI: Hana kitu, shemeji.

FUNDI: Basi ndiye! Ndiye mwanachama wetu! Kesho mvishe viatu, mkalishe hapo penye makopo ya miche, na chonde chonde, mtu yeyote asimchague! Hasa kinyozi, akimwona tu atampa u—

MAMA SISIMIZI: Haloo? Umakamu? Haloo, shemeji?

[To... to...]

MAMA SISIMIZI: Imekata. Njoo hapa, mwanangu, umelowa mpaka magotini. Hebu niambie mama, nani alikutuma?

SISIMIZI: Miche ilikuwa na kiu.