Kota za Reli Zilikuwa Rangi Gani

Kijiwe kiko pale njia ya kota inapokutana na njia ya karakana, na benchi lake ni taruma la reli lililolazwa juu ya mawe mawili. Treni iliacha kupita miaka mingi nyuma, lakini wanaume wa hapo bado hukaa wakiitazama ile reli yenye kutu kana kwamba treni imechelewa tu na wao wana subira. Kahawa huuzwa na Bi Ratiba, mjane wa mtu aliyekuwa akivuta vyuma vya kubadilishia njia za treni, mwanamke mkavu wa mwili na wa maneno, aliyepata jina hilo kwa sababu birika lake halijawahi kuchelewa, tofauti na kila kitu kingine cha reli. Asubuhi hiyo harufu ya kahawa ilizidiwa na ya rangi. Kota zote, safu nzima kuanzia kwa Bi Ratiba mpaka kwenye tangi la maji, zilikuwa zimepakwa waridi. Ndiyo rangi iliyopatikana. Mwenye gesti wa mjini aliikataa akisema inamchafulia sifa, wao wakaichukua.

Hawakupaka kwa furaha. Gari lenye spika lilikuwa limepita likatangaza kwamba kota zitavunjwa, pajengwe ghala. Nyuma yake wakaja vijana na brashi, wakachora alama nyekundu ya X kwenye kila nyumba, ya Bi Ratiba wakaichora karibu na dirisha, kubwa kama ya ng'ombe wa kuchinjwa. Ikabaki njia moja tu. Watu wa mambo ya kale wakija, wakakagua, wakasema mji huu wa kampuni ya reli ni historia, basi haubomolewi. La sivyo kila mtu atafute pa kwenda.

Bi Ratiba alikuwa na pa kwenda, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Angekwenda kwa mwanawe, yaani kwa mkamwana wake. Mkamwana hana ubaya hata kidogo, ndiyo taabu yenyewe. Ukishika ufagio anakupokonya. Ukiinuka anakukalisha. "Mama, pumzika," asubuhi mpaka jioni, juu ya kochi laini linalomeza mtu kiunoni. Bi Ratiba aliwahi kwenda kupumzika kule, akarudi amekonda.

– Nisikilizeni, alisema akimimina kahawa. Wakaguzi wanafika leo au kesho. Nataka wakute hadithi moja. Wasimkute kila mtu na treni yake.

– Hadithi ni moja na inajulikana, alijibu Karani. Huyu alikuwa akikata tiketi stesheni, na mpaka leo anaongea kama anamjibu abiria kupitia kidirisha. – Mji huu ulijengwa kwa sababu ya maji. Injini ikipanda kutoka bondeni, ikifika hapa kiu imeikamata. Kampuni ikachimba kisima, ikaweka tangi, ikaweka mtu wa kulinda tangi, ikampa nyumba. Mtu akaoa. Basi, mji huo.

– Maji gani? alisema Fundi Boila kwa sauti kubwa, maana nyundo za karakana zilimwachia sikio moja tu, nalo huliamini anapotaka. – Mimi nimezifungua zile injini matumbo. Maji yalikuwamo ya kufika mbali. Mji huu ulijengwa kwa sababu ya tumbo la mhandisi.

– Tumbo?

– Mhandisi mkubwa wa kampuni ya kwanza alikuwa na tumbo la kuendesha. Kila akipita kupima njia, akifika usawa huu lazima ashuke, akimbie. Mwisho akachoka kukimbia, akasema wekeni stesheni. Jengo la kwanza kusimama hapa ni choo. Nendeni mkaangalie mawe yake, stesheni yenyewe haina mawe kama yale.

– Kwa hiyo nimwambie mkaguzi asinibomolee nyumba kwa heshima ya choo, alisema Bi Ratiba.

– Choo cha kihistoria, shemeji.

– Nyote mmepotea, alisema Abiria, na akaweka kikombe chini, dalili kwamba anakuja na jambo zito. Abiria ni kinyozi. Hakufanya kazi reli hata siku moja. Alishuka hapa kununua maji, treni ikamwacha, akafungua kibanda cha kunyoa akisubiri nyingine. – Mji huu ulijengwa kwa makosa. Ramani ilishikwa juu chini. Hebu tazameni hizo kota. Nyumba gani duniani sebule inatazama choo, halafu jiko ndilo linatazama barabara? Mji wenyewe ulitakiwa ukae ng'ambo ya mto. Kule ndiko walikoshusha viti vya stesheni, meza, na saa kubwa ya ukutani. Vikaoza vikingoja stesheni.

– Umeviona?

– Vimeshaoza, nitavionaje?

– Huyu ameachwa na treni moja tu anatufundisha reli, alisema Karani.

– Ndiyo maana nimepata nafasi ya kufikiri, kaka.

Fundi Boila hakupenda kuachwa nyuma. Alijisogeza mbele, akawaangalia mmoja mmoja.

– Sasa nawaambia ambalo sijawahi kulisema. Kampuni ya kwanza ilipouzwa kwa kampuni ya pili, wakubwa hawakutaka kuiacha injini yao nzuri ihesabiwe. Wakaifukia. Iko chini ya kota, chini ya nyumba ya shemeji hapa. Mnadhani kwa nini sakafu yake ina joto?

– Ina joto kwa sababu napika humo ndani, alisema Bi Ratiba.

– Na dereva wake je? aliuliza Abiria.

– Sikusema kwamba dereva hayumo.

Waliinamisha vichwa kwa heshima ya dereva. Bi Ratiba aliwatazama, akaona hawa ndio mawakili wake: mmoja ana maji, mmoja ana choo, wa tatu ana ramani juu chini. Akawaza kochi la mkamwana.

Lakini hakuwa na shaka na nyumba. Nyumba ziliandaliwa vizuri, na yeye ndiye aliyesimamia. Hakuna aliyewaambia wapake. Neno ukaguzi lilitosha. Watu waliokulia kwenye mji wa kampuni wakisikia ukaguzi, mkono wenyewe unatafuta brashi. Enzi zile, mkubwa akija na behewa lake lenye mapazia, kila kitu kilipakwa: kuta, milango, mawe ya kando ya njia, mashina ya miti. Mwaka mmoja walipaka chokaa hata rundo la makaa ya mawe, na mkubwa akalisifu. Huruhusiwi kupigilia msumari ukutani, nyumba si yako, lakini kuipaka unaruhusiwa mpaka mkono ukatike. Kwa hiyo walipaka. Bi Ratiba aliifuta ile X kwa mkono wake, akaipitia mara mbili, na hajawahi kufanya kazi yenye utamu kama ile.

Ndipo akatokea mgeni, msichana wa umri wa kuwa mwalimu, akitembea juu ya reli yenyewe, begi mgongoni, viatu vimejaa vumbi.

– Shikamooni.

– Marahaba, mwanangu. Kaa hapo mwisho, hapana rangi.

Akakaa, akapewa kahawa, akashukuru. Halafu akasema ametoka mambo ya kale, wenzake wa kamati watamfuata, yeye ametangulizwa aone hali ilivyo.

Karani alisimama, akafunga kifungo cha shati. Fundi Boila akalielekeza sikio zima. Bi Ratiba akafuta mikono kwenye kanga, uso mkavu vilevile.

– Ila nadhani nimekosea njia, alisema mgeni. Nimeagizwa niangalie kota za zamani za reli. Naona nimetokea kwenye huu mtaa mpya.

Wanaume waligeuka wakazitazama kota.

– Hizo za zamani ziko upande gani? akauliza tena, kwa adabu.

– Ndizo hizi, alisema Karani.

– Hizi za waridi?

– Tumezitengeneza kwa ajili yenu.

– Zimepakwa lini?

– Zinakauka, alisema Abiria, mwenye alama ya waridi kisogoni.

Mgeni aliziangalia zile nyumba, kuanzia ya kwanza mpaka kwenye tangi, na uso wake ukafanya kitu ambacho Bi Ratiba alikielewa mara moja, maana ndivyo daktari alivyomwangalia mumewe.

– Bibi, alisema mgeni polepole, sisi hutafuta vitu vya kale. Kamati ikikuta kila kitu kinang'aa hivi, itasema hapa hakuna cha kuhifadhi. Na wenye ghala watakuwapo, hawatatuacha tubishane sana.

– Nilisema tuache upande mmoja, alisema Fundi Boila.

– Wewe ulisema tupake na mti, alisema Karani.

Bi Ratiba hakungoja wamalize. Alichukua kisu chake, akavuka njia, akafika ukutani kwake karibu na dirisha, akaanza kukwangua. Waridi ilitoka kwa urahisi, vipande vilaini kama ngozi ya maziwa. Chini yake ukatokea mguu mwekundu wa X.

– Hiyo nayo ni nini? aliuliza mgeni, aliyekuwa amemfuata.

– Hiyo si ya kale. Hiyo ni ya jeuri, alisema Bi Ratiba, akaipita.

Chini ya nyekundu ilikuwapo bluu. Chini ya bluu, rangi ya maziwa. Akakwangua, ikaja kahawia. Akakwangua, kijani, halafu maziwa tena, halafu kijani kingine, kizito, kilichoshika kama gamba. Bi Ratiba alikwangua kama mtu anayechimba mtu aliyefukiwa. Wanaume nao walikuja na vikombe vyao mkononi.

– Bibi, acha, alisema mgeni.

– Nimeharibu tena?

– Hapana. Acha kwanza.

Akachuchumaa, akatoa kioo cha kukuzia kwenye begi, pua ikakaribia ukuta. Alikaa hivyo muda mrefu, akihesabu kwa midomo. Alipogeuka hakuwa na ule uso wa daktari.

– Kamati ikikubali, nyumba zitarudishwa kama zilivyokuwa. Ndiyo kanuni. Basi niambieni ninyi mliokaa. Zilikuwa rangi gani?

– Kijani, alisema Fundi Boila. Kijani cha mabehewa ya kampuni ya kwanza. Hakuna mjadala.

– Kahawia, alisema Karani. Kijani ni cha kampuni ya pili, na walikipaka kwa sababu walikosa kahawia.

– Kampuni ya pili ilikuwa na maziwa.

– Maziwa ni ya shirika, serikali ilipoichukua reli.

– Mimi nilishuka nikakuta bluu, alisema Abiria, na nilikuwa na macho mazima.

– Wewe hukuulizwa, wewe abiria.

– Ameuliza waliokaa. Sijakaa?

Walipokosa mshindi walimgeukia Bi Ratiba. Aliingia nyumba ile akiwa bi harusi. Akisema yeye, basi. Bi Ratiba akafungua mdomo. Akilini alimwona mumewe mlangoni akimwambia asiegemee. Alisikia ile harufu kali. Alikumbuka gauni lake la maua, na mstari wa rangi mgongoni siku alipoegemea, na jinsi alivyolisugua mpaka likatoboka. Rangi ya mstari hakuikumbuka. Maisha yake yote nyumba ile ilikuwa ama inapakwa, ama inakauka.

– Sijui, alisema.

Neno hilo halikuwahi kusikika pale kijiweni, na wanaume walilipokea kwa fadhaa.

Mgeni alifunga kioo chake kwenye kitambaa.

– Basi mimi siwezi kufunga kazi, alisema. Nikiandika rangi moja, kamati inakuja, inatazama, inaamua siku hiyohiyo, na mnajua itaamua nini. Nikiandika kwamba haijulikani, huo ni uchunguzi. Jengo likiwa kwenye uchunguzi haliguswi. Asilipake mtu, asilikwangue mtu, na tingatinga lisisogee.

– Uchunguzi unachukua muda gani? aliuliza Bi Ratiba.

– Tunawategemea wazee wa mahali. Wakishakubaliana ilikuwaje, tunaufunga.

– Wazee hawa?

– Kama hakuna wengine.

Bi Ratiba aliwageukia. Karani alikuwa anafungua kifungo cha shati, amechoka. Fundi Boila anakuna sikio bovu. Kulikuwa na utulivu wa hatari, utulivu wa watu wanaokaribia kusema basi yaishe. Na Fundi Boila ndiye aliyeanza.

– Labda kahawia nayo ilikuwapo, alisema. Sikatai moja kwa moja.

Bi Ratiba alirudi kwenye birika upesi kuliko miguu yake ilivyozoea. Akamjazia Fundi kikombe ambacho hakukiomba, mpaka juu.

– Kunywa, Fundi, alisema. Mimi nimefurahi unavyomvumilia Karani. Mwingine akiambiwa kwamba ninyi wa karakana hamkuwa mnatofautisha kijani na kutu, angekasirika.

– Nani kasema?

Karani, ambaye hakuwa amesema, alilifikiria jambo hilo kidogo, akaona ni kweli.

– Hamkuwa mnatofautisha, alisema, akakaa vizuri kwenye benchi.