Bibi Tak Eul-sun, Aliyekataa Kuitwa Mjane

Mama yangu, Bibi Tak Eul-sun, alizaliwa tarehe 14 Machi 1929 katika kijiji cha Neutgol, karibu na mji wetu wa Dolmi, akiwa binti wa tatu wa Mzee Tak Man-su. Alisoma miaka minne katika shule ya msingi ya hapa mjini. Walimu walisema ana akili ila hatulii kitini. Mzee Tak alipoishiwa uwezo, Mama akaacha shule, na kutulia hakujifunza kamwe. Nyote mliokula kwake mmemwona: tonge mkononi, jicho getini.

Novemba 1948 aliolewa na Bwana Pyo Jae-deok, fundi wa kuezeka mapaa kwa majani ya mpunga, mtu wa mzaha. Walipanga nyumba ile ile ya kichochoroni ambayo Mama ameishi mpaka mwisho.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe, kaskazini dhidi ya kusini, viliingia Dolmi Julai 1950. Ndani ya miezi tisa mji ulibadilisha watawala mara nne, na kila waliokuja waliuliza nani aliwapikia waliotangulia. Agosti, wale wa kaskazini walianza kuwakusanya vijana wa kupeleka mstari wa mbele. Baba akaingia katika shimo la kuhifadhia mitungi ya chakula nyuma ya jiko, lakini kwanza alisokota kamba ya majani, na Mama akaichomekea pilipili nyekundu na kuitundika getini. Kwetu kamba ya namna hiyo hutangaza kwamba mtoto wa kiume amezaliwa, na mgeni haingii mpaka siku ishirini na moja zipite. Mama hakuwa na mtoto, wala mimba aliyoijua.

Askari walikuwa watoto wa wakulima. Waliiona kamba, mmoja akavua kofia, akasema, "Hongera, mzazi," wakapita.

Huruma ndiyo iliyomponza. Jirani yake, Mama Chil-bok, alikuja akilia kwa sababu ya mwanawe, na Mama akamnong'oneza habari ya kamba. Mama Chil-bok naye alikuwa na dada, na dada ana marafiki zake. Haikupita wiki, kichochoro kizima kikawa kimejifungua watoto wa kiume. Hata Bibi Gu, mjane wa miaka sitini na kitu, alitundika pilipili zake kwa ajili ya mjukuu aliyemficha darini. Sajini akasimama getini kwake.

"Hongera, bibi. Na baba mtoto ni nani?"

"Marehemu mume wangu."

"Marehemu kafariki lini?"

"Mwaka wa yale mafuriko ya zamani," Bibi Gu akajibu, bila kupepesa macho.

Askari walicheka sana, halafu wakakata kamba zote na kuingia nyumba kwa nyumba. Baba alitolewa shimoni akiwa na udongo kichwani. Walipokuwa wanamfunga mikono alimgeukia Mama. "Pilipili usizitupe," alisema. "Tutazihitaji kwenye kabichi za kuchachusha. Nitakuja kula." Tangu siku hiyo hatujapata habari zake.

Mimi, Yeon-ok, nilizaliwa Aprili 1951. Mama alitundika kamba ya kweli, ya makaa, kwa kuwa nilikuwa msichana. Safari hii walikuwapo wale wa kusini, na sifa za kamba za Dolmi zilikwishawafikia. Waliivuka bila kuitazama, wakapekua mpaka ndani ya nepi zangu.

Kuanzia 1952, kwa miaka arobaini, Mama alitengeneza na kuuza tofu, ile jibini ya maharage ya soya, mkabala na kituo cha mabasi. Alipopewa kibanda kizuri ndani ya soko alikikataa, kwa kuwa humo hangewaona wanaoshuka. Basi likiingia, kisu kilisimama hewani. "Mama Yeon-ok, unanikatia mimi au unamkatia dereva?" wateja walimtania. Kila jioni aliweka bakuli la wali la Baba chini ya mfarishi, penye joto la sakafu yetu inayopashwa moto kwa chini, lisipoe kabla hajafika, na asubuhi nililila mimi. Nimekua kwa chakula cha baba nisiyemjua. Nasema wazi kwamba nililichukia bakuli lile.

Baba mdogo Jae-sik, ambaye yupo hapa, alimsihi kila mwaka.

"Shemeji, mfanyie kaka tambiko lake la chakula cha wafu. Ana njaa huko aliko."

"Huko wapi? Umemwona?"

"Miaka yote hii, shemeji."

"Basi akija nitamwambia ulivyokuwa na haraka ya kumzika."

Februari mwaka huu Mama alipata kiharusi. Hospitalini walipomlaza akitazama ukuta alijaribu kushuka, mpaka wakakigeuza kitanda kielekee mlangoni. Alifariki tarehe 9 Novemba 2014, alfajiri, akiwa na miaka 85. Nilimshika mkono, nao ulikuwa ukihangaika hadi dakika ya mwisho.

Jana Baba mdogo alileta koti la kaka yake, limekunjwa vizuri ndani ya kitambaa, akaomba tulizike kando ya Mama badala ya mwili wake, na katika wasifu huu paandikwe "mjane wa marehemu Pyo Jae-deok". Alilia aliponiomba, kwani naye amengoja. Nina miaka sitini na tatu, nimechoka, na nilitaka sana kukubali. Nililishika koti lile kwa muda mrefu, kisha nikamrudishia. Upande mmoja wa kaburi umeachwa wazi.

Bibi Tak Eul-sun ameacha mume, Bwana Pyo Jae-deok, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1926, ambaye hatujui aliko; binti mmoja, mimi Yeon-ok; shemeji, Bwana Pyo Jae-sik; wajukuu watatu na kitukuu mmoja.

Mama, pumzika kwa amani. Kungoja sasa ni zamu yangu.