Balbu ya Nikodemo na Asubuhi Tuliyokwama Machochwe

Tarehe 31 Desemba 1958 Bwana Nikodemo Kisyeri anafunga sanduku lake la spana, baada ya kuitumikia karakana yetu ya Tarime kwa miaka ishirini na mbili na miezi tisa. Kumi na mmoja kati ya hiyo nimekuwa dereva wa lori analolitunza, na nasema wazi kwamba amenichosha.

Alizaliwa Gorong'a, akaajiriwa kuosha magari Machi 1936. Baadaye alipelekwa Mwanza miezi sita kujifunza umeme wa magari. Alirudi na cheti, kovu la asidi mkononi, na balbu ndogo yenye nyaya mbili ya kupimia umeme. Tangu hapo hakuna gari lililogoma kuwaka ambalo Nikodemo alilitazama haraka. Umwite saa mbili, umwonyeshe kosa kwa kidole, yeye ataanza kwenye betri tu. Atapima maji yake, atasugua vichwa vyake, kisha atafuata waya mmoja mmoja kama mtu anayetafuta kupe kwenye sikio la ndama.

Siku ya harusi ya Teresia, binti wa mpishi wetu, gari lilikataa kuwaka mbele ya wageni wote. Nikodemo akatoa balbu. Bibi harusi alisubiri mpaka jasho likamtoka, akashuka, akatembea kwenda kanisani. Gari lilimkuta mlangoni likiwa zima kabisa, na fundi akashangaa kwa nini watu wamenuna.

Lakini kisa ninachotaka kukisimulia ni cha Septemba 1954. Nikodemo akiwa nami kwenye lori, tulikuwa tumebeba chanjo ya ng'ombe kwenye masanduku ya barafu. Machochwe tulichanja salama, tukalala, na asubuhi tulitakiwa Issenye, ambako ugonjwa wa sotoka ulikuwa umeshaingia kwenye maboma mawili na watu walikuwa wamekusanya mifugo yao tangu jana. Nikabonyeza stata. Ikalia tik, taa zikazimika. Nikabonyeza tena, tik.

Hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono ilikuwa imevunjika wiki ile. Mzee Mokami, mwenyeji wetu, akaita vijana wapatao arobaini, wakashika lori nyuma tayari kusukuma. Nikodemo akawaomba waliachie. Nilimkumbusha kwamba barafu inayeyuka, na chanjo ikipata joto ni ya kumwaga. Hakuniangalia hata usoni.

“Njiani kuelekea Issenye likizimika, utasukumwa na nyumbu?” akaniuliza.

Akaketi chini. Wote tulisema betri imekufa. Akagusisha balbu kwenye vichwa viwili vya betri, akaniambia nibonyeze stata, na balbu ikabaki inawaka vizuri. Betri ilikuwa nzima. Akafungua stata, akaikagua, akairudisha. Jua likapanda, maji yakaanza kudondoka kutoka kwenye masanduku, na Mzee Mokami akanong'ona kwa Kikurya maneno ambayo sitayaandika hapa. Ningekuwa na nguvu ningembeba fundi yule nikamtupa mtoni.

Kisha akaacha waya mmoja wa balbu kwenye betri, ule wa pili akaugusisha kwenye chuma cha chasisi. Nikabonyeza. Balbu, iliyokuwa ikiwaka, ikazimika: umeme ulikuwa unakwama kati ya betri na chasisi. Akatikisa kichwa, akaingia kifudifudi chini ya kiti changu, na mimi hapo nikaanza kutoka jasho ambalo halikuwa la jua.

Chini ya kiti ndipo waya mnene wa betri unapofungwa kwenye chasisi. Wiki tatu kabla ya hapo ulikuwa ukigongagonga kila nikipita kwenye mashimo. Sisi tuliokulia zizini, kitu kikilegea tunakitia ngozi: mpini wa jembe, kigoda, bawaba ya mlango. Nilikata kipande cha ngozi ya ng'ombe, nikakiweka kati ya kichwa cha waya na chuma, nikakaza, kelele zikaisha. Boliti peke yake ndiyo iliyobaki ikipitisha umeme, mpaka ilipopata kutu. Na ukutani pale karakana limebandikwa tangazo kwamba dereva atakayegusa nyaya atafukuzwa siku hiyohiyo. Nilikuwa na watoto wanne.

Nikodemo alitoka na ile ngozi kiganjani, akanitazama, akaitia mfukoni. Akasugua chuma kwa msasa, akakaza waya, akaniambia nibonyeze. Lori likawaka mara moja. Issenye tulifika na kipande cha barafu kisichozidi ngumi, na ng'ombe walichanjwa mpaka jua linazama.

Tuliporudi, Bwana Mkaguzi, mkubwa wetu wa karakana, aliuliza sababu ya kuchelewa. Nikodemo aliandika kwenye kitabu cha magari: “Waya haukukazwa vizuri. Kosa ni langu.” Kwa mstari huo alikosa cheo cha fundi mkuu, akakipata baada ya miaka miwili. Mara tatu nilijaribu kumwomba radhi, na mara zote tatu aliniuliza kama nimetazama maji ya betri. Mtu wa namna hii anaudhi, na sijui karakana itafanyaje bila yeye.

Wiki iliyopita, alipokuwa akisafisha sanduku lake, alinipa kile kipande cha ngozi. Nimekigundisha kwenye kitabu cha magari, ukurasa wa Septemba 1954, na chini yake nimeandika jina langu.

Ahsante, Nikodemo. Nenda Gorong'a ukale ulezi wako, uishi miaka mingi, na ng'ombe wako wazae majike. Jumamosi, haya yatakaposomwa kwenye sherehe yako, Bwana Mkaguzi atakuwa amekaa mstari wa mbele. Mimi nitakuwa nimesimama mlangoni, na funguo za lori zitakuwa mkononi, tayari kuzikabidhi.

Nyamhanga Heche, dereva