Nyumba ya Matanga Tuliyoipamba Krismasi

Akina mama wenzangu, nashukuru kwa makofi, ingawa mmenipigia kabla hamjajua nitasema nini. Nimemsikia mtu kule nyuma akinong'ona, "Huyu ndiye wa minyororo ya karatasi." Ndiye mimi. Kila Desemba nawaomba karatasi mlizofungiwa sukari, na kila Desemba mnacheka kwamba Mpare hawezi kutupa kitu. Chekeni tu. Leo mwenyekiti wetu ameniomba nieleze kazi hii niliianzia wapi, na nimeona niseme yote, maana sikuianza kwa furaha.

Nilikuja Mtwara kumfuata mume wangu, aliyepata kazi bandarini. Tulikaa kota za bandari. Binti yetu alikuwa mdogo, na mdogo wake wa kiume alizaliwa hapahapa. Kila Krismasi ilipokaribia, baba yao alikata tawi la mvinje kule ufukweni, akaliingiza kwenye debe la mchanga, na mimi nikalibandika sufi badala ya theluji. Watoto wa jirani waliuliza theluji ndiyo nini. Nikawaambia kwetu Upareni ukipanda juu asubuhi unaiona kwa mbali, iko kichwani kwa Kibo. Hawakuniamini hata kidogo. Mwaka mmoja, mvua zikiwa zimekolea, mume wangu alishikwa na homa, na homa ile haikumwachia.

Ndugu zangu, nawaambia, mnaoijua barabara ya Dar es Salaam ya miaka ile mnajua ilikuwaje masika. Hapakupitika. Ndugu za mume wangu walipata habari lakini hawakuweza kufika, tukamzika hapa na watu wa kazini kwake na waumini wenzetu. Watoto walipelekwa nyumba ya pili mpaka mazishi yakaisha. Waliporudi wakauliza, nikawaambia baba amesafiri. Msinitazame hivyo. Nani hapa hajawahi kumwambia mtoto aliyefiwa kwamba mzazi amesafiri? Ndivyo nasi tulivyoambiwa.

Kota ilitakiwa, nasi tukahamia Chuno, vyumba viwili vya fito na udongo. Nilichukua kazi za kushona pindo na vifungo kutoka duka moja la Mhindi pale Chikongola, nikazifanyia nyumbani. Chakula kilipatikana. Kilichokosekana ni mimi. Nilivaa kaniki yangu nyeusi nikakaa. Kwetu matanga hayaanuliwi na mjane mwenyewe, huanuliwa na ukoo wa mume. Shemeji yangu alituma salamu kwamba atakuja barabara ikifunguka. Barabara ikafunguka, yeye akavunjika mguu. Nikangoja. Nyumba ikangoja nami. Sikupaka ukuta, sikubadili mkeka, sikuimba jikoni, na watoto wakizidisha kicheko nilisema, "Nyamazeni, hapa pana msiba." Mwacha mila ni mtumwa, nililelewa hivyo, na sikutaka watu wa mume wangu waje wakute nimeshaanza kuchangamka.

Mwanangu wa kiume akawa mtoto wa kunong'ona. Ana miaka minne, ananong'ona kama mzee wa kanisa wakati wa mahubiri! Dada yake yeye aliacha kuuliza kabisa. Nilidhani amesahau. Watoto husahau, watu waliniambia.

Sasa sikieni. Desemba ikaingia, mvua zikaanza kunukia tena, shemeji bado. Nikawaambia wanangu mwaka huu hakuna Krismasi. Binti yangu, aliyekuwa na miaka saba hivi, akaitikia, "Haya, mama," akatoka nje. Siku kadhaa zikapita anashinda nyuma ya nyumba, nami nikafurahi kwamba hanisumbui. Jioni moja akaingia midomo imevimba. Nikadhani ameumwa na nyigu. Kulipokucha vidole vyake vilikuwa vimejaa malengelenge, ngozi imekuwa nyeusi, mtoto hawezi kushika kikombe. Na halii! Ananitazama tu.

Nilipiga ukelele. Siku zote nilizokaa nyumba ile sikuwa nimepaza sauti hata mara moja, kwa hiyo jirani yangu wa ukuta wa pili alikuja mbio, unga wa muhogo mikononi. Alikuwa mama Mmakua, Mwislamu, mtu mzima kunizidi, aliyevuka Ruvuma kwa Kilambo akikimbia vita vya upande wa pili, Msumbiji. Tulikuwa tukisalimiana tu, kwa kuwa mimi nilikuwa na msiba wangu na sikuwa na nafasi ya mtu. Akaishika mikono ya mtoto, akainusa.

"Korosho," akasema. "Umepasua korosho mbichi, mjukuu wangu?"

Binti akatikisa kichwa kukubali.

"Na midomo?"

"Nilitoboa kwa meno."

Yule mama akanigeukia. "Mtoto wa huku anaonywa ganda la korosho kabla hajaota meno. Huyu hakuna aliyemwonya?"

Hakuonywa na mtu, ndugu zangu. Kwetu hakuna mikorosho, mimi mwenyewe nilikuwa nazijua zilizokaangwa tu. Na ningejulia wapi, ikiwa nilijifungia ndani na kuwafungia na wao? Mama yule akamwosha mtoto kwa sabuni na maji mengi, akampaka mafuta ya nazi, tukampeleka zahanati akafungwa vitambaa. Tuliporudi ndipo mdogo wake akanishika kaniki, akaninong'oneza niende nyuma ya nyumba.

Kulikuwa na shada. Maganda ya korosho yametungwa kwenye uzi wangu mweusi wa kushonea, refu, limezungushwa kwenye tawi kavu. Kati ya maganda ameweka nyota za karatasi ya fedha ya sigara, alizoziokota barabarani.

Nikamuuliza, "Ulikuwa unafanya nini, mwanangu?"

Akasema, "Tulihama. Baba akirudi Krismasi ataenda kota. Nataka kuweka mlangoni, apite aone ndiyo yetu."

Nilikaa chini palepale kwenye matope. Sikuwa nimelia tangu siku za mazishi, na siku ile nililia mpaka mbavu zikauma. Jirani akawachukua watoto kwake, akaniacha nilie. Baadaye akarudi, akakaa kando yangu.

"Unamngoja nani?" akaniuliza.

Nikamweleza habari za shemeji na mguu wake na mila zetu. Akasikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

"Mwanangu," akasema, "mila ni nzuri. Mimi nilimzika mama yangu njiani, na mtoto wangu mmoja nikamzika ng'ambo ya mto. Wa kuanua matanga yangu wako wapi? Wengine wamekufa, wengine sijui waliko. Ningewangoja, na hawa niliovuka nao wangelelewa na nani? Hawa wako wamefiwa na baba. Usiwafishie na mama angali anapumua."

Akaninyanyua. Nguvu alizokuwa nazo mama yule, na ilikuwa Ramadhani, amefunga!

Mwaka ule Idd na Krismasi zilikaribiana, na yeye alikuwa tayari amekusanya udongo wa kupaka nyumba yake, mwekundu na mweupe. Kesho yake akaja nao kwangu. Hakuniuliza. Akaukanda, akawapa watoto wangu na wajukuu wake, akawaonyesha namna ya kuchora kwa vidole, mistari inayopindana kama ukili wa mkeka. Binti yangu mikono imefungwa, basi akajifanya msimamizi. "Hapo umekosea! Rudia!" Mdogo wake akamjibu kwa sauti kubwa, "Nyamaza, wewe huna mikono!" Ikawa mara ya kwanza kusikia sauti yake tangu tuhamie pale. Sikumwambia anyamaze.

Mambo mengine mnayajua, maana nimewafundisha wenyewe. Gundi ya unga wa muhogo, ikorogwe motoni mpaka ing'ae, ndani yake majivu kidogo, vinginevyo mende wataila Krismasi yenu kabla yenu. Karatasi za sukari zikatwe vipande, zipakwe maji ya udongo mwekundu, zikikauka ziunganishwe kuwa mnyororo. Nyota za ukindu alitufundisha mama yuleyule. Mwenye duka wa Chikongola aliposikia tunapamba, alifungua mfuko wa vitambaa vya mabaki, akaniambia nichukue ninavyotaka, watoto wa mtu wawe na sikukuu. Makombe tuliokota ufukweni. Yachemsheni kwanza, jamani! Sisi hatukuchemsha, na harufu ile sitaieleza ndani ya kanisa.

Lakini jambo kubwa lilikuwa bado. Vidole vya binti vilipoanza kupona, tulikaa mkekani tunabandika mnyororo, mimi nashika, yeye anabana. Akasema, "Mama, huu ni mrefu. Baba atauona hata akiwa njia kuu." Nikaona wazi kwamba nikinyamaza sasa, mapambo yote haya yatakuwa uongo mwingine, na asubuhi ya Krismasi mtoto atakaa mlangoni kumngoja mtu asiyekuja. Nikamtazama jirani yangu. Akainamisha kichwa, akaendelea kusuka nyota.

Nikasema, "Mwanangu, baba hakusafiri. Baba alikufa. Tulimzika, na wewe ulikuwa nyumba ya pili. Mimi ndiye niliyekudanganya."

Akauliza, "Hatarudi hata Krismasi?"

"Hatarudi hata Krismasi."

Alilia, nami nililia naye, na mdogo wake akalia kwa kuwa sisi tunalia. Tulikaa hivyo muda mrefu. Kisha akajifuta, akautazama ule mnyororo mapajani mwake.

"Basi tuutoe?" akauliza.

Nikamwambia, "Hapana. Huu ni wetu. Tunauweka kwa ajili yetu sisi tulio hapa."

Akachukua kipande kingine, akapaka gundi.

Asubuhi ya Krismasi nilivaa gauni la maua, nikaenda na wanangu makaburini, binti akaacha nyota moja pale, tukarudi tukala pilau aliyotupikia mama yule, ambaye mwenyewe hakuonja hadi magharibi. Ilipofika Idd, watoto wangu ndio waliopamba mlango wake.

Shemeji alikuja kiangazi, na fimbo yake. Niliogopa, siwafichi. Alisimama uani akautazama ule ukuta wa mistari, akawatazama watoto wanaokimbizana wakipiga kelele, nami nikaanza kujitetea. Akanikatiza. "Shemeji, nilikuja kuanua matanga. Naona wenyeji wameshanisaidia." Akaomba maji ya kunywa, na watoto wakamkalia mapajani.

Kwa hiyo nashukuru. Namshukuru Mungu, namshukuru jirani yangu, ambaye si wa dini yetu wala wa kabila langu. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Neno hilo nilikuwa nikilisikia likisomwa hapa kanisani, yeye akanionyesha. Nawashukuru nyinyi na waume zenu waliobeba jeneza la mume wangu nikiwa sijui hata majina yenu. Na kwa wenye watoto wadogo nasema hivi: mtoto akikaa kimya msidhani amesahau. Kaeni naye chini, mikono ikiwa na kazi, naye atasema alichonacho. Na nyinyi mkisema, semeni kweli.

Nimemaliza, ila neno moja. Najua humu ndani yupo mwenzetu ambaye nyumba yake imefungwa mwaka huu. Sikutaji, dada yangu, na wala usiinue kichwa. Jumamosi nitapita na watoto. Tukipiga hodi, huna haja ya kuinuka, wala kuvaa, wala kutuchekea. Itikia tu "Karibuni." Mlango tutaufungua wenyewe.